Dondoo muhimu: Ziwa Tanganyika kwenye simu yako

Anza na shajara ya msafiri David Livingstone ya mwaka 1871, ipo bure kwenye tovuti ya Livingstone Online. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mmea. Wino ukafifia, hadi wataalamu walipoupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi yakaibuka. Kuza picha uone mistari yake ikikatiza herufi za gazeti. Aliandika kabla hajarudi Ujiji, mji wa kando ya ziwa, na humo mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, Kongo. Ipitie mwenyewe kwanza kabla ya kuwaonyesha watoto.

Njia za msituni katika Hifadhi ya Gombe, kando ya ziwa, zimo kwenye Google Street View. Inakula bando sana, tafuta Wi-Fi.

Ukiitafuta meli ya ziwani, MV Liemba, andika pia jina lake la kwanza, Graf von Götzen, la sivyo utakosa picha za kabla haijazamishwa mwaka 1916. Ni hazina hizo!

Kwa samaki, nenda FishBase. Mgebuka ni Lates stappersii. Dagaa wetu, Stolothrissa tanganicae.