Matatu, Seli za Ubongo na Kifafa

Ukisimama steji ya Kangemi asubuhi huwezi kujua matatu itaondoka saa ngapi hasa. Ile nissan ya abiria 14 haifuati saa, inangoja ijae. Abiria nao wanakuja ovyo ovyo: watatu kwa pamoja, kisha kimya, kisha mama na mtoto. Wengine wanachoka kungoja na kuteremka. Halafu makanga wa gari lingine anapiga kelele "Tao! Tao!" na kuwavuta wawili. Ikijaa tu, huyoo, Waiyaki Way.

Seli ya neva katika ubongo hufanya kazi karibu hivyo hivyo. Nitaeleza kwa Kiswahili, maana katika somo la Biolojia mambo haya tunayasikia kwa Kiingereza tu, tena mbio mbio.

Seli ikiwa imetulia, umeme wake huwa takriban milivolti 70 chini ya sifuri. Ukipanda hadi kama 55 chini ya sifuri, umefika kizingitini: seli inafyatua mpigo mmoja, kisha inaanza upya. Abiria wake ni ishara kutoka seli nyingine, na mlango wanaoingilia unaitwa sinapsi. Seli moja ya gamba la ubongo ina maelfu ya sinapsi. Ishara moja ni ndogo mno, aghalabu haifiki hata milivolti 1, na isipofuatwa upesi na nyingine inafifia kama yule abiria aliyeteremka. Tena si zote za kupandisha. Karibu seli 1 katika kila 5 za gamba ni ya kuzuia. Kazi yake ni kuwarudisha wenzake chini, kama makanga yule mwenye kelele.

Bahati nasibu imo ndani ya sinapsi yenyewe. Mwaka 1952 Paul Fatt na Bernard Katz, wakiwa London, walichunguza misuli ya chura wakaona mishtuko midogo midogo ya umeme ikitokea bila mpangilio, hata neva ikiwa haijaguswa. Baadaye ilijulikana kwamba kila mshtuko ni kifuko kimoja cha kemikali kilichomwagika. Katz alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 pamoja na wenzake wawili.

Sasa mtu atauliza, ubongo unawezaje kufanya kazi na fujo yote hii? Mimi naona neno "fujo" ndilo linalotupoteza. Nguvu za kupandisha na za kuteremsha zikikaribiana, seli hukaa karibu na kizingiti ikichezacheza, na jambo dogo tu laweza kuiamsha. Mwaka 1995, huko Marekani, Zachary Mainen na Terrence Sejnowski walichukua vipande vya ubongo wa panya, wakaisukuma seli kwa umeme usiobadilika. Kila waliporudia, mipigo ilikuja kwa nyakati tofauti. Wakatumia umeme wa kupanda na kushuka, mfano wa ule wa sinapsi, wakaurudia ule ule. Safari hii mipigo ikaja kwa nyakati zile zile, ikitofautiana kwa kama milisekunde 1. Ajabu kweli!

Mizani hiyo ikivunjika, seli nyingi zinafyatua kwa pamoja, kama matatu zote za mji kuondoka kwa firimbi moja. Hapo ndipo kifafa humshika mtu. Si pepo, si kurogwa, wala povu lake haliambukizi. Dawa ya fenobabitali huzipa nguvu ishara za kuzuia, ndiyo maana mwenzetu anayeimeza asiruke hata siku moja. Kukesha pia ni hatari kwake, kwa hiyo msimcheke akienda kulala mapema wakati wa mitihani.

Akianguka darasani, usimtie kijiko mdomoni wala usimkamate kwa nguvu. Sogeza madawati, weka sweta chini ya kichwa chake, na utazame saa. Mtetemeko ukipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Ukikoma, mlaze kwa ubavu. Akizinduka atakuwa amechoka na hajui yuko wapi. Kaa naye hadi akili imrudie sawasawa, na wale wanaochungulia dirishani waambie warudi darasani.