BANDO LIPO ILA INTANETI HAIFUNGUKI? PITIA HAPA KABLA HUJAPOTEZA ODA



Mteja akiuliza "hiki bei gani?" hasubiri mpaka jioni. Akiona tiki moja tu WhatsApp, anahamia duka lingine. Sisi tunaouza mtandaoni, intaneti ikikata ndiyo duka limefungwa. Haya nimejifunza mwenyewe kwa kuchokonoa simu za Android. Usikimbilie kununua bando jingine kabla hujayapitia.

1. SIMU IMESHIKA WI-FI ISIYO NA INTANETI
Ukipita karibu na Wi-Fi uliyowahi kuitumia, simu inajiunga yenyewe. Kama Wi-Fi hiyo haina intaneti, simu nyingine huing'ang'ania tu, na meseji haziingii. Zima Wi-Fi, washa data, usubiri kidogo. Meseji zikimiminika, umeshamjua mchawi. Fungua jina la Wi-Fi hiyo, chagua Forget.

2. APN HAIJAKAA SAWA
APN ndiyo inayoiambia simu ipite mlango gani kwenda intaneti. Kawaida inajipanga yenyewe ukiweka laini, ila simu iliyotoka nje inaweza kuikosa. Fanya hivi:
- Ingia Settings, kwenye mtandao wa simu, chagua laini yako, kisha Access Point Names.
- Gusa alama ya kujumlisha au Add.
- Name: andika jina lolote.
- APN: kwa Vodacom na Airtel hapa Tanzania, andika internet, herufi ndogo zote.
- Username na Password acha wazi.
- Gusa Save, halafu rudi uichague hiyo APN mpya. Wengi wanasahau hapa!
- Washa hali ya ndege, hesabu mpaka kumi, zima.
Mtandao mwingine? Piga 100, waulize APN yao.

3. HOTSPOTI KWA AJILI YA LAPTOP
Weka nenosiri la herufi nane au zaidi, la sivyo majirani watakula bando lako. Laptop ikiwa mbali au nyuma ya ukuta, chagua 2.4 GHz. Ikiwa karibu, 5 GHz ina kasi zaidi.
Laptop imejiunga lakini haifungui kitu? Rudi kwenye APN, pale APN type, ongeza dun baada ya mkato. Mara nyingine ndiyo dawa.
Kwenye Windows, washa Metered connection kwa hiyo hotspoti. Usipofanya hivyo, laptop inaweza kupakua masasisho kimyakimya na bando likaisha ukiwa bado hujapandisha picha hata moja.

4. LAINI YA AKIBA
Weka laini ya pili, ya mtandao tofauti, yenye bando dogo. Mmoja ukisumbua, unahamisha data na kuendelea kumjibu mteja.

Jaribu leo usiku, wateja wakiwa wachache. Usingoje siku ya mzigo mpya.

Umekwama hatua gani? Andika hapo chini aina ya simu na mtandao wako, tusaidiane. Mtumie na mwenzako anayelalamika bando linaibiwa 😄