Shahada ya uuguzi si ya kudunga sindano tu

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi hunijia kliniki bila ugonjwa wowote. Wanataka ushauri. "Daktari," mzazi huniambia, "huyu wetu amekosa alama za udaktari. Je, tumpeleke uuguzi?"

Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini lina kasoro. Linachukulia uuguzi kuwa udaktari uliopunguzwa, mahali pa kumpumzisha mtoto aliyekosa alichokitaka. Mtoto akiingia chuoni na fikira hiyo, huenda akashtuka kabla ya muhula wa kwanza kwisha.

Wiki hii, msomaji, tuangalie mwanafunzi wa shahada ya uuguzi husoma nini katika miaka minne, na kwa nini. Mifano nitaitoa hasa katika eneo la majani chai la Kericho na Bomet. Wengi wenu mlio mijini mna wazazi huko, na wanapougua, atakayewapokea kwanza ni muuguzi.

Historia ya huko yatosha kueleza jambo hili. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianza kama zahanati ya misheni mnamo 1937. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, alifika mwaka wa 1959. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, wauguzi ndio waliopokea wagonjwa, wakazalisha akina mama na kuamua nani atibiwe pale na nani apelekwe mbali. Hata leo zahanati nyingi za vijijini nchini hazina daktari. Mama akiletwa saa nane za usiku akivuja damu, muuguzi hana wa kumwuliza. Ni lazima aamue.

Kozi ya shahada imejengwa juu ya uamuzi huo.

Msingi wa sayansi

Mwanzoni mwanafunzi hukutana na anatomia, yaani maumbile ya mwili, fiziolojia, yaani jinsi viungo vinavyofanya kazi, biokemia, na mikrobiolojia, elimu ya viini. Saikolojia na sosiolojia pia zimo. Hapa ndipo wengi hulalamika: "Nilikuja kuuguza watu, mbona nafunzwa kemia?"

Chukua mtoto anayeharisha. Macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ikivutwa kidogo hurudi polepole. Aliyekariri dalili atasema, "Amepungukiwa na maji." Aliyeelewa fiziolojia atajua pia kwamba mtoto amepoteza chumvi pamoja na maji hayo, kwamba damu yake imepungua ujazo, na kwamba moyo unakwenda mbio ili kufidia. Kwa hivyo hatampa maji matupu, na hatangoja hadi mapigo yafifie ndipo ashtuke.

Dawa na hesabu

Famakolojia ni elimu ya dawa, na humo hesabu haiepukiki. Tufanye mbili pamoja, kwa mfano tu.

Mgonjwa ameandikiwa dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8. Mrija uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, upate takriban matone 42 kwa dakika. Muuguzi husimama na saa yake akihesabu. Dripu ikikimbia mno, mzee mwenye moyo dhaifu aweza kujaa maji mapafuni.

Mfano wa pili ni mtoto wa kilo 12 mwenye homa. Ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Jibu ni mililita 7.5. Nukta hiyo ikikosewa, mtoto atapewa 75, mara kumi ya kipimo chake. Ndiyo maana wahadhiri hawana huruma katika mtihani huu.

Hatua tano

Kuna mpangilio ambao mwanafunzi atausikia hadi auote usiku. Kwanza, mchunguze mgonjwa. Pili, tambua shida zake za kiuguzi. Tatu, panga utakalofanya. Nne, lifanye. Tano, pima kama limesaidia, na kama halikusaidia, rudi mwanzo. Haya yote huandikwa kwenye faili ili wa zamu ya usiku asibahatishe.

Tuseme mzee ameletwa hospitalini akisema chakula hakipiti. Saratani ya umio, ile njia ya chakula, imeonekana kwa wingi katika eneo la Bomet, na Tenwek inajulikana kwa kuwahudumia wagonjwa wa aina hiyo. Daktari atashughulikia uvimbe. Muuguzi ataona pia kwamba mzee amekonda, kwamba aweza kupaliwa akilishwa amelala, kwamba anaona haya kutema mate mbele ya wakwe zake, na kwamba hakuna aliyemweleza ugonjwa wake. Kila moja ya shida hizo ina mpango wake.

Ukunga

Sehemu nzito ya shahada ni ukunga. Mfano wake mzuri ni kifafa cha mimba, ambapo shinikizo la damu hupanda hadi mama akatetemeka na kupoteza fahamu. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Huokoa maisha, lakini ikizidi hukomesha pumzi. Hivyo, kabla ya kila kipimo kinachofuata, muuguzi huhakikisha mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu unaruka, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, dawa husimamishwa, na kalsiamu glukoneti huwa tayari kando ya kitanda. Hapo mwanafunzi huona faida ya anatomia ya mwaka wa kwanza.

Afya ya jamii na utafiti

Masomo ya epidemiolojia, takwimu na utafiti huonekana makavu. Lakini fikiria milipuko ya malaria iliyowakumba wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho katika miaka ya 1990. Nyanda za juu zina baridi, watu hawajazoea malaria, na kinga yao ni hafifu. Hata mtu mzima huugua vibaya. Je, ilisababishwa na joto kuongezeka, dawa ya chloroquine kushindwa nguvu, au watu kusafiri kutoka nyanda za chini? Watafiti walibishana kwa miaka mingi, wakitumia rekodi za hospitali za mashamba hayo. Rekodi hizo ziliandikwa mgonjwa mmoja mmoja. Muuguzi anayejaza rejista ovyo huharibu elimu ya vizazi.

Aidha humo kuna afya ya akili, magonjwa ya watoto, upasuaji na uongozi wa wodi. Sambamba na darasa, mwanafunzi hupelekwa wodini, na saa zake hutiwa sahihi na msimamizi. Baada ya hapo huja mwaka wa mafunzo kazini na mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Bila leseni ya Baraza, shahada haimruhusu kumgusa mgonjwa.

Kabla ya kulipa karo

Sasa nizungumze na mzazi anayengojea bonasi ya majani chai ili alipe karo. Fedha hizo hulipwa kwa mwaka, na mkono uliochuma wazijua uzito wake. Kwa hivyo fanya haya.

Kwanza, uliza Baraza lenyewe kama chuo, na kozi yenyewe, vimeidhinishwa. Usitosheke na tangazo la gazetini wala jengo zuri. Mwanafunzi wa kozi isiyoidhinishwa hatakubaliwa kufanya mtihani wa leseni, hata awe hodari vipi.

Pili, uliza wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, na ni wangapi huzunguka kitanda kimoja. Uzazi haujifunzwi kwa kuchungulia juu ya mabega ya wenzako.

Tatu, usidharau stashahada. Vyuo vya Tenwek, Litein na Kaplong, pamoja na chuo cha serikali cha Kapkatet, vimewafunza wauguzi walioshikilia afya ya eneo hili. Mwenye stashahada aweza baadaye kujiendeleza hadi shahada huku akipata mshahara.

Nne, mwulize mtoto mwenyewe, awe msichana au mvulana: waweza kukesha? Waweza kumsafisha mgeni aliyejichafua na usimwonyeshe uso wa kinyaa? Asipojibu upesi, mpe muda. Mtume akamtembelee mgonjwa wodini, aone kazi kwa macho yake.

Kwa wewe mwanafunzi uliyekwisha ingia, nina ushauri mmoja. Kila jioni baada ya wodi, chagua mgonjwa mmoja uliyemhudumia na ujiulize: kwa nini alipewa dawa ile, kwa nini kipimo kile, na ningefanya nini kama ningekuwa peke yangu? Usilolijua, lifungue kitabuni kabla ya kulala. Siku ya kuwa peke yako zahanatini itafika, na mgonjwa hatakuuliza ulipata alama gani.

Wiki ijayo: jinsi ya kupima shinikizo la damu nyumbani.