Shingo haitibiwi kwa kunyongwa saluni

Ndugu zangu, wanaoinamia simu kutwa, na wazee tumo, wakiumwa shingo hukimbilia kwa kinyozi awazungushe kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Mimi napinga. Kunyongwa huko kunaweza kuchana mshipa upelekao damu kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi.

Kichwa kina kilo 5 hivi. Mwaka 2014 daktari Kenneth Hansraj wa New York alikokotoa kuwa kikiinamishwa nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa kilo 27. Basi inua simu usawa wa macho, nyanyuka kila nusu saa, rudisha kidevu nyuma polepole mara 10, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mkono ukifa ganzi au ukilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.