Usivumilie Ngozi Inayowaka Chini ya Mfuko wa Choo

Mtu aliyefunguliwa njia ya choo tumboni, yaani stoma, iwe kwa saratani, kwa utumbo kujisokota au kwa utumbo kutobolewa na homa ya matumbo, huambiwa atazoea. Basi wengi huvumilia hata yasiyofaa kuvumiliwa, hasa ngozi kuungua. Choo cha utumbo mwembamba bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula. Kikivuja chini ya mfuko, huila ngozi. Ngozi inayozunguka stoma inatakiwa ifanane na ya upande wa pili wa tumbo. Ikiwasha au ikitoa majimaji, kuna kasoro.

Mara nyingi kasoro ni tundu la mfuko. Stoma husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, lakini mgonjwa huendelea kukata kwa kipimo alichopewa wodini. Pima upya, tundu liizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha, kisha bandika. Mwaga mfuko ukifika theluthi. Spiriti iache, na mafuta pia, maana gundi haitashika. Asiyemudu mifuko, anayefunga kitambaa, ndiye wa kupaka marhamu ya zinki au vaselini.

Stoma nzima ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo. Yenyewe haihisi maumivu, kwa hiyo usingoje iume. Tone la damu unapofuta si neno. Ila ikigeuka zambarau iliyokoza au nyeusi, ikitoka damu isiyokoma, au utumbo ukichomoza na kuvimba, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwenye stoma ya utumbo mwembamba ajihadhari zaidi. Akikaa saa 4 hadi 6 bila choo huku tumbo likisokota na anatapika, huenda utumbo umeziba: asinywe dawa ya kuharisha, awahi hospitali. Choo kikizidi lita 1.5 kwa siku, anywe ORS na amwone daktari. Maji matupu mengi humzidishia upungufu wa chumvi.

Kliniki nenda na mfuko uliouvua, kwani gundi iliyolika humwonyesha muuguzi panapovuja. Na uulize jambo ambalo wengi hawaulizi: stoma hii ni ya kudumu au ya muda, na kama ni ya muda, itafungwa lini?