Andazi au Mshikaki? Kijitabu cha Lishe kwa Kaya za Carama

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa ajili ya mama, baba, bibi, babu na kila anayelea mtoto katika mtaa wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, na mitaa jirani ya Kinama. Kisomeni pamoja, maana chakula cha mtoto huamuliwa na watu wengi: anayetafuta pesa, anayekwenda sokoni, anayepika na anayegawa sahani.

Sababu ya kukiandika ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Burundi mwaka 2016–2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Watoto takribani 6 kati ya 10 walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto aliyedumaa anaweza kucheza na kucheka kama wenzake, na ndiyo maana wazazi wengi hawashtuki. Lakini baadaye darasani anachelewa kuelewa, akiugua anakawia kupona, na kimo alichokikosa katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kukipata tena.

Umaskini na maradhi ya kuhara yana sehemu yake kubwa katika jambo hili. Ila ipo sehemu iliyo mikononi mwetu, nayo ni namna tunavyotumia faranga chache tulizonazo.

Tuviweke vyakula viwili kwenye mizani

Asubuhi mtoto hupewa andazi. Jioni, kwenye kabare, yaani baa ya mtaani, watu wazima hula mishikaki ya mbuzi, ambayo wengi wetu tunaiita brosheti. Tupime gramu 100 za kila kimoja. Hesabu hizi ni za makadirio, kwa kuwa andazi hutegemea unga na mafuta ya mpishi, na nyama hutegemea sehemu iliyokatwa.

*Andazi, gramu 100:*
- Nishati: kalori 350 au zaidi
- Protini: gramu 6 hivi
- Madini ya chuma: kidogo sana, isipokuwa unga uwe umeongezewa madini kiwandani
- Vitamini B12: karibu hakuna, kama hakuna yai wala maziwa ndani yake

*Nyama ya mbuzi iliyochomwa, isiyo na mafuta mengi, gramu 100:*
- Nishati: kalori 145 hivi
- Protini: gramu 27
- Madini ya chuma: miligramu 3.7 hivi
- Madini ya zinki: miligramu 5 hivi
- Vitamini B12: ipo

Angalia vizuri. Kwa kalori, andazi linaizidi nyama zaidi ya mara mbili. Mtu akitazama kushiba peke yake, andazi limeshinda. Lakini kwa protini nyama inalizidi andazi zaidi ya mara nne, na kwa chuma, zinki na B12 andazi halikaribii.

Kwa nini mtoto aliyeshiba bado hakui

Sukari, unga na mafuta ni makaa ya jiko. Nyama, samaki, mayai na maharagwe ni matofali ya nyumba. Mtoto anahitaji vyote viwili, na makaa hayawezi kugeuka tofali.

Protini hujenga misuli na viungo vya ndani. Chuma hutengeneza damu inayobeba hewa safi hadi kwenye ubongo. Zinki husaidia kimo, huponya vidonda na huupa mwili nguvu ya kupambana na kuhara. Vitamini B12 hulinda neva na damu, nayo kwa asili hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: nyama, samaki, mayai na maziwa.

Chuma cha nyama kina sifa moja kubwa: mwili hukifyonza kwa urahisi kuliko chuma cha mimea. Zaidi ya hapo, nyama kidogo ikiliwa pamoja na maharagwe au lengalenga husaidia mwili kufyonza hata chuma kilichomo ndani ya mboga hizo. Kwa hiyo kipande kidogo ndani ya sufuria ya maharagwe kina faida kubwa kuliko ukubwa wake.

Mtoto wa miaka miwili akila gramu 30 za nyama ya mbuzi, ambazo ni vipande viwili vitatu vidogo, anapata zaidi ya nusu ya protini anayohitaji kwa siku na takribani nusu ya zinki. Chuma atakachopata ni sehemu tu ya mahitaji yake, ndiyo maana mboga na maharagwe hayaondoki kwenye sahani.

Soda, pipi na biskuti

Andazi angalau lina unga. Pipi karibu yote ni sukari. Soda ya kawaida huwa na sukari gramu 10 hivi kwa kila mililita 100. Chupa ya sentilita 30 basi inabeba gramu 30 au zaidi, sawa na vijiko saba hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Chupa moja ya soda imeshapita hapo, na mtoto ni mdogo kuliko mtu mzima.

Madhara ni mawili. La kwanza ni meno: vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. La pili ni tumbo: mtoto mdogo akinywa soda au akila biskuti saa nne, saa sita anasukuma sahani ya maharagwe na ndagala, wale samaki wadogo. Kitu kitamu kimechukua nafasi ya chakula. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa miezi 6 hadi 23: wasipewe vinywaji vya sukari, na kila siku wapate chakula kitokanacho na mnyama.

Hatusemi andazi ni sumu. Mwanafunzi anayetembea mbali kwenda shule anahitaji nishati, na andazi linampa. Tunachosema ni kwamba andazi na chai ya rangi peke yake si chakula cha mtoto anayekua. Likiliwa na yai, maziwa au parachichi, hapo linaanza kuwa mlo.

Nani anakula nyama nyumbani?

Swali hili lina uzito kuliko bei ya bucha. Katika nyumba nyingi nyama ikipatikana, minofu huenda kwa wakubwa, na watoto humiminiwa mchuzi juu ya ugali au wali. Mama mjamzito naye hubaki na kidogo, kwa kuwa anagawa mwisho.

Mchuzi una harufu na ladha ya nyama, lakini protini nyingi na chuma kingi hubaki ndani ya mnofu. Mtoto aliyepewa mchuzi hajala nyama. Baba mpendwa, ukila brosheti kwenye kabare kisha ukarudi nyumbani na pipi mfukoni, umeleta upendo, na mtoto ameuona. Siku nyingine leta upendo huo huo kwa namna ya kipande cha nyama, mayai mawili au fungu la ndagala. Mwili wa mtu mzima umeshajengwa. Wa mtoto na wa mimba bado.

Basi sheria ya nyumba iwe hii: nyama ikiwa kidogo, wa kwanza kupewa mnofu ni mtoto aliyepita miezi sita, mama mjamzito na mama anayenyonyesha.

Hesabu ya faranga za wiki

Bei hubadilika, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe kwa bei za leo.

1. Kwa siku saba, andikeni kila faranga iliyotumika kwa pipi, biskuti, soda na maandazi ya watoto. Jumlisheni.
2. Ulizeni bei ya vitu hivi katika soko la Kinama au soko la Cotebu: ndagala wakavu, maini, nyama ya mbuzi, mayai.
3. Tazameni nusu ya ile jumla inaweza kununua nini.

Nyama ya mbuzi si njia pekee, na mara nyingi si ya bei nafuu. Ndagala wa Ziwa Tanganyika ni chakula cha thamani kubwa. Wakiwa wamekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao midogo, wanampa mtoto kalisiamu. Kijiko kikubwa kimoja au viwili vya ndagala waliosagwa, gramu 10 hivi, vinaleta takribani gramu 6 za protini. Maini ya ng'ombe yana chuma kingi kuliko mnofu na vitamini A nyingi sana. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinamtosha mtoto. Kwenye kiwanja kidogo, sungura na kuku wachache huweka nyama na mayai karibu na jiko.

Jinsi ya kumpikia mtoto

*Uji au viazi vyenye nyama, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12:* Chemsha kipande cha nyama mpaka kiive kabisa na kulainika. Kikatekate vidogo sana au kitwange kwenye kinu safi. Changanya na viazi vitamu au ndizi zilizopondwa, ongeza kijiko kidogo cha mafuta ya mawese. Mawese mekundu, kama yale ya Rumonge, husaidia kupata vitamini A. Endelea kumnyonyesha.

*Unga wa ndagala:* Chagua ndagala wakavu wasio na mchanga wala harufu mbaya. Waoshe, wakaushe juu ya moto mdogo, kisha watwange wawe unga laini. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Tia katika uji au mboga, halafu acha ichemke kwa dakika kadhaa.

*Maharagwe yenye nyama kidogo:* Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji hayo. Pika mpaka yaive, tia nyama iliyokatwa ndogo ndogo, nyanya na lengalenga. Mpe mtoto kipande cha chungwa au papai baada ya mlo, maana vitamini C husaidia kufyonza chuma. Chai isubiri saa moja au zaidi, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini.

Nyama nayo ina mipaka yake

- Iive kabisa, isibaki nyekundu ndani. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuleta tegu. Mtu mwenye tegu asipotumia choo, mayai ya mnyoo huyo huingia kwenye chakula na maji ya wengine, na viluwiluwi vyake vikifika kwenye ubongo huweza kusababisha kifafa. Choo na kunawa mikono vinakwenda pamoja na nyama.
- Isiungue ikawa nyeusi, na isijazwe chumvi.
- Watu wazima wanaokula nyama nyekundu kila siku wapunguze. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika vile vinavyoelekea kusababisha.
- Mama mjamzito asile maini mara kwa mara bila ushauri wa muuguzi, hasa mwanzoni mwa mimba, kwa sababu vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.

Maswali ya wazazi

*Je, mtoto wangu atapata minyoo kwa kula sukari?* Hapana. Minyoo hutokana na uchafu, udongo na nyama isiyoiva. Sukari huharibu meno na kuua hamu ya chakula, na hiyo inatosha kuipunguza.

*Mtoto hana meno ya kutosha. Atatafunaje nyama?* Hana haja ya kutafuna. Nyama iliyotwangwa anaimeza kama uji.

*Nyumbani hatuli nyama. Tufanyeje?* Maharagwe, karanga, soya, mayai na maziwa vijenge mlo. Kama hata mayai na maziwa hamtumii, mwambieni muuguzi ili awashauri kuhusu vitamini B12.

Nendeni kituo cha afya mkiona haya

- Mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukipimwa kwa utepe unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115, au njano, milimita 115 hadi 125
- Miguu yote miwili imevimba
- Viganja na ndani ya kope ni vyeupe kuliko kawaida
- Amepungua uzito, au hakui kwa kimo
- Anakataa chakula, anaharisha au ana homa

Waoneni abaremeshakiyago, yaani wahudumu wa afya wa jamii, wa mtaa wenu. Ndio wanaopima mkono na kuelekeza familia. Tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bure katika vituo vya umma, kwa hiyo pesa isiwe sababu ya kuchelewa.

Anzeni wiki hii

1. Soda na pipi zisiwe za kila siku. Mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa.
2. Kila siku mtoto apate kitu kimoja kati ya ndagala, yai, maziwa au nyama, hata kama ni kijiko kimoja.
3. Mnofu uende kwa mtoto na mama kabla ya kwenda kwa wengine.
4. Baba ashiriki katika kupanga matumizi ya chakula.
5. Peleka mtoto kupimwa uzito na kimo, uulize majibu, na uyaelewe kabla ya kutoka.

Anayegawa chakula cha leo usiku anaweza kuanza na namba tatu. Haihitaji faranga hata moja.