Niende kusomea mbao?

*Mpendwa Mshauri, nina miaka 31, ni mhandisi ujenzi, mzaliwa wa Mafinga. Nimepata nafasi ya masomo ya uzamivu Norway, ya utafiti wa majengo ya mbao, tena kwa mshahara. Baba hakubali. Anasema nyumba zetu ni za tofali, mbao ni za kenchi tu. Nikirudi nitamjengea nani? Niende? – Mhandisi, Mafinga*

Ndugu Mhandisi, nenda, ila ubebe swali la mbao za kwenu. Norway wana la kukufundisha: jengo la Mjøstårnet mjini Brumunddal, lililokamilika 2019, lina ghorofa 18 na urefu unaopita mita 85, na nguzo zake ni mbao zilizogandishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka. Lakini hesabu zake zilitokana na miti ya nchi ya baridi, inayokua polepole. Misindano ya shamba la miti la Sao Hill, huko kwenu, hukua upesi na mara nyingi hukatwa ingali michanga. Tazama ncha ya ubao wa mbili kwa nne: pete zake za ukuaji zimeachana, na ubao wa namna hiyo kwa kawaida huwa na nguvu ndogo. Kuubandika namba za Ulaya ni kubahatisha. Lazima mtu aupime, na kazi hiyo inatosha kabisa kuwa ya uzamivu.

Hoja ya baba ni nzito, lakini jibu lake limo ndani ya maneno yake mwenyewe. Nyumba ya tofali nayo huezekwa juu ya kenchi, na mara nyingi mbao hizo fundi huzichagua kwa jicho. Ubao mbichi ukikaukia juu ya paa hujipinda, msumari hulegea, bati huinuka, na mvua inaingia. Hata lisipojengwa ghorofa moja la mbao nchini, anayejua kupanga mbao kwa madaraja ya nguvu atakuwa amewafaa wenye nyumba wengi.

Watakuambia pia mbao huungua. Kweli, lakini boriti nene huungua kwa kadiri inayopimika, kama milimita 0.65 kwa dakika, na makaa ya nje hukinga kiini. Mhandisi huongeza unene kwa hesabu hiyo. Kenchi nyembamba haina akiba hiyo, nalo ni jambo la kutafitiwa. Mchwa ndio udhaifu mkubwa zaidi, na Norway hawana mchwa wa kuwasumbua, usitegemee wakutatulie.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, mwandikie msimamizi wako: je, vipimo vitafanywa kwa mbao za Tanzania? Je, atakubali msimamizi mwenza kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Dar es Salaam? Akikataa yote mawili, tafuta nafasi nyingine. Akikubali, funga safari, na baba mwambie unakwenda kusomea kenchi.